Rufaa ya Damu

Mwalimu Zebedayo alistaafu ukuu wa shule akiwa na sifa moja iliyojulikana Suji nzima na kushuka mpaka Makanya: hakuna mtu aliyependa matokeo ya mtihani kuliko yeye. Wengine hupenda mpira. Yeye, matokeo yakitoka, alivaa koti, akasimama mbele ya gwaride na kuyasoma kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na akifika kwa wa mwisho sauti haikupungua hata kidogo. Kuna watu wazima wenye wajukuu ambao hadi leo wanakumbuka walikuwa wa ngapi.

Kwa hiyo Careen, mtoto wa dada yake, alipopanda kutoka chuo kikuu na boksi la barafu begani, akasema anatafuta wanakijiji wa kuwapima damu kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya pili, alikuwa amefika kwa mtu asiye sahihi kabisa. Lakini alikuwa mjomba wake, na ndiye aliyesikilizwa kijijini.

"Natafuta makundi ya damu, mjomba," alimweleza wakiwa mezani, makande yakiwa bado yanatoa mvuke. "Mtu anaweza kuwa A, au B, au AB, au O. Makundi haya yako dunia nzima, ila wingi wake haulingani. Kuna nchi ambako B wamejaa, na kuna nchi ambako B unamtafuta kwa tochi. Nataka kujua sisi wa mlimani tukoje, na wafugaji wa kule tambarare wakoje."

Mwalimu aliyasikia yote, lakini kilichomkaa kichwani ni zile herufi.

"Kwa hiyo tutashindanishwa na wafugaji," alisema.

"Hatushindani, mjomba. Tunalinganisha."

"Ni kitu kile kile," alisema Mwalimu, akajiongezea makande.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya washarika. Aliwaeleza kwamba damu ina madaraja, kwamba mtaalamu amekuja kuyapima, na kwamba Suji, kijiji kilichotoa wachungaji na madaktari, hakina sababu ya kuogopa kuikosa A. Careen, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, aliinamisha kichwa kama mtu anayesali. Walipotoka nje alimvuta pembeni.

"Makundi, mjomba. Siyo madaraja."

"Watu wanaelewa zaidi ukiwaambia madaraja," alisema Mwalimu. "Nimefundisha maisha yangu yote."

Siku ya kupima, ukumbi wa kanisa ulijaa. Careen alitandika kitambaa mezani, akapanga sindano ndogo za kutupa, kigae cheupe, na vichupa viwili vya dawa, kimoja cha buluu na kingine cha njano. Aliwaeleza utaratibu. Tone la damu likichanganywa na dawa ya buluu likaganda vipandevipande, mtu huyo ni A. Likiganda kwenye ya njano, ni B. Likiganda kwenye zote mbili, ni AB. Likibaki laini kote, ni O. Alitaka watu waingie mmoja mmoja nyuma ya pazia, maana majibu ni siri ya mtu.

"Suji hatuna siri," alisema Mwalimu, akaliondoa pazia mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha mbele akiwa na koti lake, akatoa mkono wa kulia, akawageukia watu. "Tazameni. Msiogope. Haiumi."

Careen alimchoma kidole, akaweka matone mawili kwenye kigae, akatia dawa, akaanza kukitikisa kigae taratibu. Mwalimu aliinama mpaka miwani ikateleza puani.

"Bado haijaanza," alisema.

"Imeshamaliza, mjomba."

"Imemaliza nini? Haijafanya kitu."

"Ndilo jibu lenyewe. Wewe ni O."

Watu walijaribu kukumbuka ngazi za madaraja jinsi Mwalimu alivyowafundisha Jumapili, wakatafuta O ikae wapi. Sauti moja kutoka upande wa mlangoni ikawasaidia.

"Ziro," ilisema, kwa upole tu, kama mtu anayemsomea mwenzake kibao cha barabarani.

Alikuwa Aminieli. Huyu alikuwa mkulima wa tangawizi, mtu wa makamo, aliyerudia darasa la nne mpaka wadogo zake wakamkuta na kumpita. Mwalimu ndiye aliyewahi kuliambia gwaride zima kwamba kichwa cha Aminieli ni kizuri sana kwa kubebea mizigo.

Sasa, huku Upareni kesi haiishi kwa hukumu ya kwanza. Mpare anaweza kuifuata kesi ya jogoo kutoka baraza hadi baraza, mpaka jogoo mwenyewe akafa kwa uzee. Mwalimu hakubishana. Alikunja mkono wa koti upande wa pili, akaweka mkono wa kushoto mezani.

"Narudia," alisema. "Huu wa kulia ni wa kuandikia. Umechoka."

"Mjomba, damu ni moja mwilini."

"Narudia."

Careen alirudia. Matone yalibaki laini kama uji wa mgonjwa. Mwalimu akasema huenda ni makande ya asubuhi, kwamba angeambiwa mapema angefunga. Careen akamwambia kwamba hata angefunga siku arobaini angekuwa O, kwa kuwa alizaliwa hivyo, alipewa na baba yake na mama yake. Hilo halikumsaidia, kwa sababu sasa wazazi wake nao walikuwa wameingizwa kwenye kesi.

Mke wake, Eliakunda, alifuata. Naye alikuwa O. Alimshukuru Careen, akachukua kikapu chake, akaenda shambani.

Kisha akaja Aminieli. Tone la buluu likaganda. Tone la njano nalo likaganda. Careen alikitazama kigae kwa furaha ya mtafiti aliyeokota kitu adimu.

"Wewe ni AB," alisema.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Aminieli alimwomba aseme tena kwa sauti kidogo, kwa faida ya waliokaa mlangoni.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu kwa Mwalimu Zebedayo. Aminieli alianza kwenda shambani na shati la Jumapili. Watu walimwita Bwana Herufi Mbili, mwanzoni kwa utani, halafu wakaanza kumuuliza mambo: mbuzi anayekohoa, mpaka wa shamba, kama mvua itawahi. Alijibu yote. Vijana waliokaa dukani walibuni salamu mpya ya kuunganisha kidole gumba na cha shahada, vikawa sifuri. Mwalimu aliizoea njia ya nyuma ya kanisa, yenye matope, akisema ni fupi zaidi.

"Ulisoma majina ya watoto wa watu miaka yote," Eliakunda alimwambia jioni moja akiwa anapukuchua maharage. "Sasa wamesoma lako."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Chakula kinapoa," alisema Eliakunda.

Careen alimfariji alivyoweza. Alimwambia kwamba mtu wa O damu yake huwafaa wengi, na kwamba AB, akihitaji damu, anaweza kupokea karibu kwa kila mtu, ila ya kwake ya kutoa inawafaa wachache tu.

"Hiyo sihitaji kupimiwa," alisema Mwalimu. "Aminieli namfahamu. Kupokea tu."

Lakini aliposikia kwamba Careen anashuka kwa wafugaji, alichukua koti lake na kupanda gari la chuo bila kualikwa. Alisema anataka kuona wenzao wamepata nini. Moyoni alitumaini kwamba kule chini kutapatikana watu walio chini yake, ingawa walipokuwa wakikata zile kona za kushukia Makanya alijiuliza chini ya sifuri kuna nini.

Walifika kwenye boma la Stefani, upande wa Ruvu, jua likiwa limeshakaza. Stefani alikuwa mfugaji mrefu, mzee wa kanisa lao dogo la bati, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa ameahidi kumkusanyia Careen watu. Walikuwa wameshakusanyika, na Mwalimu alijitambulisha kwao kuwa mwalimu mkuu. Yeye mwenyewe alitangulia. Alitoa mkono, akachomwa, akasubiri, akaambiwa yeye ni O.

"Ni ugonjwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi sawa," alisema Stefani, akainuka kuwapisha wengine.

Mwalimu hakuweza kuvumilia. Yeye alikuwa amekosa usingizi kwa herufi hiyo hiyo, na huyu ameipokea kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumanne. Alimfuata mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba.

"Ndugu yangu," alisema, "sidhani kama umeelewa. O ni sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Ya damu."

Stefani alifikiri kidogo, kisha akageuka akasema maneno kwa Kimaasai. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshakaa kitini alirudisha mkono wake ndani ya shuka. Wengine wakainuka. Maneno yalizunguka boma kwa kasi kuliko mbwa, na haukupita muda Stefani akarudi mezani, nyuma yake wazee wamesimama na fimbo zao.

"Binti," alimwambia Careen kwa heshima, "wazee wanauliza. Mmetoka milimani mpaka huku kutuletea sifuri?"

Careen alimtazama mjomba wake. Mwalimu aliziona zile sindano ambazo hazijatumika, lile boksi la barafu, safari yote na masomo yote ya mtoto wa dada yake, vyote vikienda kuharibika kwa sababu ya mdomo wake. Akasogea mbele. Alikuwa amesimama mbele ya watu mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini kila mara alikuwa na karatasi mkononi. Sasa hakuwa nayo.

"Ni mimi niliyesema," alisema. "Nimekosea. O siyo sifuri, ni herufi. Inafanana na sifuri kwa sura tu."

"Wewe umejuaje kwamba siyo sifuri?" aliuliza Stefani.

"Kwa sababu na mimi ni O."

"Wewe? Mwalimu mkuu?"

"Nimepimwa mkono wa kulia," alisema Mwalimu Zebedayo, "na wa kushoto."

Stefani aliwatafsiria wenzake. Bila shaka aliongeza vyake, maana kicheko kilikuwa kirefu kuliko sentensi yenyewe. Mwanamke wa kwenye kiti alicheka huku amefunika mdomo, halafu akautoa mkono wake tena.

Careen aliona nafasi, akaikamata. Aliwauliza wazee rangi za ng'ombe wao. Wakamtajia: wekundu, weusi, weupe, wa mabaka. Akauliza kama kuna kundi la jirani lenye rangi moja tu. Hakuna, walisema, rangi zote ziko kila boma, ila kwa fulani wekundu ni wengi, na kwa fulani weusi.

"Basi damu za watu ziko hivyo," alisema Careen. "Herufi ni zile zile, kwenu, kwao, Uhindi, Ulaya. Kinachotofautiana ni wingi. Babu wachache wanahama, wanabeba herufi walizonazo, siyo zote. Huko waendako wanazaa, na hizo chache zinakuwa nyingi. Magonjwa nayo yanapita, huenda yakapunguza hawa na kuwaacha wale. Halafu watu wanakaa jirani, wanaoana, zinachanganyika upya."

"Na sisi na hawa wa milimani tumepishana wapi?" aliuliza Stefani.

"Kwa nilichoona, O ndio wengi kwao, na naona ndio wengi na kwenu. Kwenye A na B huenda mmepishana kidogo. Hicho kidogo ndicho ninachokitafuta."

"Umetoka mbali kutafuta kidogo," alisema Stefani, lakini aliwaita watu wote warudi kwenye mstari. Kisha akamwambia Mwalimu kwamba bibi yake mzaa baba alitoka huko huko milimani, aliletwa kuolewa. "Alikuwa mama mwema," alisema, "ila maziwa hakuyapenda mpaka anakufa."

Kazi ilikwenda vizuri hadi mchana. Walipomaliza waliletewa chai iliyojaa maziwa, na Stefani akamuuliza mgeni wake, kama ilivyo ada, ana watoto wangapi.

"Wawili," alisema Mwalimu. "Wako Dar es Salaam. Mmoja mhasibu, mmoja mhandisi."

Careen aliacha kukoroga chai yake. Hakuinua macho.

"Watatu," alijisahihisha Mwalimu. "Wa tatu ni binti. Yuko kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu."

"Anafanya nini huko?"

"Samaki."

Elinaza ndiye aliyekuwa kitinda mimba wake. Alipomaliza kidato cha nne alipata divisheni ziro, na siku ile baba yake, msomaji wa matokeo, aliingia chumbani akafunga mlango. Hakumgombeza. Hakumpiga. Hakusema chochote siku hiyo, wala iliyofuata, na kutosema kukawa mazoea ya nyumba. Binti aliondoka mwenyewe akaenda bwawani kuuza samaki, akaolewa huko huko. Eliakunda alikuwa akimtembelea kila mwaka. Mwalimu alikuwa na kikao cha kanisa kila mara.

"Careen," aliuliza, kikombe kikiwa mkononi. "Baba akiwa O na mama O, mtoto anakuwa nini?"

"O, mjomba. Hana pa kuitoa herufi nyingine."

Mwalimu aliinywa chai yote, ya moto vile vile, bila kupuliza.

Kituo cha mwisho cha Careen kilikuwa Nyumba ya Mungu yenyewe. Alitaka kupima mahali ambapo watu wa kila kabila wamekuja kutafuta riziki, aone mchanganyiko wao ukoje. Alikuwa amepanga kumshusha mjomba wake Same mjini apande gari la Suji, na hakuwa amethubutu kumwomba waende wote bwawani. Walipoikaribia njia panda ya kuingilia mjini Mwalimu alisema nyumbani hakuna kazi ya haraka.

Walimkuta Elinaza kwenye vichanja vya kukaushia samaki, amejifunga kanga kiunoni, anawaelekeza wanawake wawili waliobeba beseni la perege. Aliliona koti kabla ya kumwona mwenye koti. Akaweka kisu chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama mzima?"

"Mzima."

"Kaka zangu?"

"Wazima."

Elinaza alimtazama Careen, kisha akamrudia baba yake. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Mwalimu. "Tumekuja kupima damu. Kundi."

"Mimi langu nalijua. Ni O. Hospitali wakipungukiwa huwa wananipigia simu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alitazama maji, akatazama samaki, akatazama viatu vyake vilivyokuwa vimeanza kupata magamba.

"Na mimi ni O," alisema.

Elinaza alikuwa binti yake na alimjua. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia wimbo kwa mbali na kuanza kuutambua.

"Ulipimiwa wapi, baba?"

"Ukumbini."

"Mbele za watu?"

"Suji nzima. Aminieli amepata AB."

Elinaza alikaa juu ya kreti. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na magamba. "Ukakata rufaa," alisema alipopata pumzi.

"Nilikata."

"Ikatupwa."

"Ikatupwa," alikiri baba yake, na mdomo wake nao ukaanza kumponyoka. Walicheka wote, wale wanawake wa beseni nao wakacheka bila kujua ni kwa nini. Kicheko kilipokwisha, Mwalimu alibaki amesimama pale, mikono haijui ikae wapi.

"Elinaza," alisema. "Sikujua kwamba inauma namna hii."

Binti yake alikiokota kisu, akakifuta kwenye kanga.

"Huwa inapoa," alisema. "Vua koti, baba. Litanuka."

Careen alipima watu mpaka jua likainama. Elinaza ndiye aliyewapanga, wavuvi, wachuuzi, mama lishe, Wapare, Wachaga, wengine waliokuja kutoka Ziwa Viktoria na hata hawakumbuki mwaka. Mwalimu alipewa perege wa kuparua magamba, akamfanya samaki wa watu vibaya sana, akanyang'anywa kisu kwa adabu.

Jioni Careen aliondoka na boksi lake. Mwalimu alibaki, akisema atapanda gari la kesho, au la kesho kutwa. Alimpigia Eliakunda simu kumwambia yuko wapi, na Eliakunda akasema ampe Elinaza simu. Elinaza aliichukua akaenda nayo hadi ukingoni mwa maji, akiongea Chasu, lugha ya Wapare, na mama yake, na kwa namna alivyokuwa akicheka na kugeuka kutazama nyuma ilionekana kwamba hawatamaliza karibuni.

Mwalimu aliachiwa fimbo ya kufukuzia korongo, wale ndege waliokuwa wakinyemelea samaki. Walikuwa wakubwa, wenye subira, na kila alipomwendea mmoja, mwingine alisogea upande wa pili wa kichanja. Alikuwa katikati ya vita hivyo, mikono ya shati imekunjwa, aliposimama mteja mwenye kikapu.

"Mzee, shikamoo. Wewe ndiye mwenye samaki?"

"Marahaba. Hapana, mwenye samaki ni yule pale kwenye simu," alisema Mwalimu Zebedayo, akimwonyesha kwa fimbo. "Yule ni mwanangu. Subiri kidogo, anaongea na mama yake."